Nywele za Nadhiri

Jumamosi moja kabla ya Pasaka ya 2016, katika saluni iliyo chini ya jengo la ghorofa huko Berea, Johannesburg, Brigitte alikuwa chini ya draya, amefumba macho, jarida la mitindo limemlalia mapajani, akaanza kusema Kitelugu. Brigitte ni mtu wa Kalemie. Alijua Kiswahili, Kifaransa, na Kizulu cha kuombea punguzo. Alisema polepole, kwa sauti ya mama aliyechoka, akarudia maneno yaleyale, kisha akanyamaza. Murielle, msusi wake, alimrekodi kwa simu ili wacheke baadaye, akapunguza moto wa draya, maana nywele mpya zikipata moto mwingi hukatika ncha, akarudi kwa mteja aliyekuwa anamshonea.

Wakati huo hakuna aliyejua kwamba kile ni Kitelugu, lugha ya kusini mwa India. Ilijulikana wiki iliyofuata, mteja mwingine alipofanya vilevile chini ya draya ileile, na Murielle akamrekodi naye, akazituma sauti zote mbili kwa Khatibu aliyewauzia nywele wote wawili.

Khatibu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na duka la nywele Fordsburg, kati ya muuza mapazia na muuza manukato. Alikuwa akienda India kununua mali kwa miaka mingi, hata akajua Kitelugu cha kupatana bei na kuulizia choo kilipo. Alisikiliza sauti zote mbili, akajibu.

"Dada Murielle, huyu wa pili anaomba mume aache pombe. Yule Brigitte wako anaomba mtoto apone. Anasema, nywele zangu chukua, mwanangu niachie."

Brigitte hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni goti lililomsumbua tangu safari ya kuja huku, na kabla ya mwisho wa mwezi goti likapona, akawa anapanda ngazi hadi ghorofa ya saba bila kushika ukuta. Lifti ya jengo lao ilikuwa imekufa siku nyingi. Habari zikaenea. Hakuna aliyepigwa na butwaa. Watu waliofika Johannesburg kwa kuvuka mipaka ya nchi nne juu ya malori hawana nafasi ya kushangaa nywele. Waliuliza tu kama zimebaki.

Murielle alipokwenda Fordsburg kuchukua mali, Khatibu alimwagizia chai, akamweleza.

"Mimi Mwislamu, nakwambia nilivyosikia kwa wenyewe. Huyu mungu wao, Vishnu, aliteremka duniani akawa anakaa ndani ya kichuguu. Siku hiyo mchunga ng'ombe akarusha shoka, likampiga kichwani. Pakabaki kipara, hapa, nywele hazioti. Basi binti mmoja wa mfalme, Nila, akaona aibu kwa niaba yake. Akakata nywele zake mwenyewe akampandikiza. Vishnu akamwambia, kuanzia leo nywele zote watakazonitolea watu ni zako. Ndiyo maana wananyoa. Unatoa nywele, unasema haja yako, unakwenda zako."

"Na Nila, yeye alipata nini?"

"Kilima kina jina lake."

"Na hizi nywele unaziuzaje kama ni zake?"

"Dada yangu," alisema Khatibu, na alionekana kusikitika kweli, "mimi nanunua mnadani, kwa risiti."

Khatibu alikuwa mfanyabiashara na wala hakuwa mtu mbaya. Alitafuta draya ndogo, akaajiri binti wa kukaa chini yake na kila fungu la nywele kichwani, akasikiliza, akapanga rafu zake upya. Rafu ya chini iliwekwa nadhiri za mitihani na za kupata kazi. Ya katikati, za wagonjwa. Juu kabisa, karibu na taa, ziliwekwa za watu walioomba mtu wao arudi. Hizo zilikuwa chache, na bei yake ilizidi kodi ya chumba cha Murielle. Kule zilikotoka, kwa jinsi Khatibu alivyosikia, wale wanawake waliendelea kusubiri. Nadhiri ilikuwa imeandamana na nywele, na nywele zilikuwa huku.

Murielle alizitazama za rafu ya juu kila alipokwenda dukani. Mwanawe Elisée alipotea Aprili 2015, wiki ile ya fujo, wageni walipopigwa na maduka yao kuchomwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, alifanya kazi kwenye karakana ya samani Jeppestown, akatoka asubuhi kwenda kuangalia kama karakana bado ina mlango. Hakurudi. Murielle alizunguka hospitali, akazunguka vyumba vya maiti, akaenda polisi, ambako afisa mmoja mpole aliiona tarehe ya karatasi za kijana imepita, akamwambia kwamba kwa mujibu wa sheria huyo kijana alikwisha ondoka nchini, na kwa hiyo hawezi kupotea ndani yake. Tangu siku hiyo Murielle aliiacha sahani ya Elisée mezani. Alimkasirikia kila mtu aliyemwambia pole.

"Khatibu," alisema siku moja, "ile fungu ya juu, unikopeshe. Niko nakulipa kidogo kidogo."

Khatibu aliinamisha kichwa. Alisema mali ile si yake peke yake, ana mshirika. Kisha, kwa kuwa alimpenda Murielle kama dada, akampa shauri lililokuwa zuri kuliko mkopo.

"Hao wanawake hawakununua, dada. Walitoa. Una nywele zako hapo kichwani zimejaa tele, na hekalu la Vishnu lipo, kusini huko, Lenasia. Kwa nini unataka za mwenzio?"

Ni kweli nywele alikuwa nazo. Nyeusi, nzito, hazijawahi kutiwa dawa, kwa sababu msusi hapati nafasi ya kujisuka. Akizichana zilimfika mabegani.

Alikwenda Septemba, mwezi ambao Wahindi Watamili wa huko huacha nyama na kuwasha taa za udongo kila Jumamosi. Alivua viatu pamoja na watu wengine, hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Ndani, nyuma ya pazia lililofunguliwa nusu, alisimama mungu wa jiwe jeusi mwenye mikono minne. Miwili ya juu ilishika kombe la baharini na gurudumu la moto. Wa kushoto wa chini ulikuwa pajani, na wa kulia ulielekeza vidole miguuni. Macho yake yalifunikwa na alama nyeupe pana iliyopakwa usoni hadi kwenye nyusi.

Kuhani alimweleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza watoto wa shule wanaoletwa na basi. Gurudumu hukata uovu. Mkono unaoelekeza miguuni unasema, njoo hapa, utapata hifadhi. Macho yamefunikwa kwa huruma, kwani akiutazama ulimwengu waziwazi utaungua.

"Sasa kama yeye hatuone," Murielle aliuliza kwa Kiingereza chake, "anajua aje ni mimi nimeomba?"

"Haangalii sura za watu," alisema kuhani. "Anapokea kinacholetwa."

Murielle aliridhika na jibu hilo. Aliketi kwenye benchi la kinyozi nje ya ukumbi, na hapo akafanya jambo ambalo hakulifikiria hata kidogo, mikono ilifanya yenyewe. Kabla kinyozi hajafungua wembe, alizichana nywele zake zikanyooka, akazigawa mafungu, akafunga kila fungu kwa uzi mweusi, shina upande mmoja na ncha upande mwingine, akazungusha uzi na kuupitisha kati kama alivyofundishwa na mama yake mdogo huko Bukavu. Kisha akakata mwenyewe. Msusi hawezi kuona nywele nzuri zikianguka ovyo sakafuni. Kinyozi alimalizia vishina vya nywele vilivyobaki na kuyasifu yale mafungu. Alisema wengi huacha vitu vya kufagia tu.

Murielle aliyaweka kwenye sinia la shaba, akasema haja yake kwa Kiswahili cha kwao, maana hakutaka kukosea neno. Kuhani alimnywesha maji yenye mrehani, akamwekea kichwani kikombe cha fedha kilichochorwa nyayo za mungu. Kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa kilikuwa cha baridi sana. Alirudi Berea akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa mwaka na nusu.

Furaha hiyo ilifika mlangoni tu. Kwa watu wa Bukavu, mama akinyoa kichwa amefiwa, na hapo hapaulizwi swali. Jirani alimwona kwenye ngazi, akapiga yowe. Kabla giza halijaingia viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukumbini, sufuria za kukodi zimewasili, na Mama Marcelline, kiongozi wa wanawake wa kanisa, alikuwa amemkumbatia.

"Tunashukuru Mungu umekubali sasa, mama."

"Sikukubali kitu! Elisée iko anarudi. Nimeenda kumuomba!"

"Ndiyo, mama. Lia. Lia tu, itatoka."

Akalia kweli, kwa hasira, na wao wakaona kilio kimefika mahali pake. Waliimba vizuri. Walipika maharage na wali, watu wakala wakashiba, mtu mmoja akaichukua ile sahani ya mezani na kuiosha. Jumapili iliyofuata mchungaji alilitoa jina la Elisée kwenye maombi ya wasafiri, akalitia kwenye ya waliopumzika.

Murielle alingoja. Kule hekaluni, nywele zilizokuwa ovyo zilipelekwa mtoni pamoja na maua yaliyonyauka. Zilizofungwa vizuri ziliuzwa, pesa yake ikanunua dengu za kulishia watu wote waliokuja na njaa, na hakuna aliyeiba hata punje.

Mwaka mpya ulipoanza, Maman Hélène aliingia saluni. Alikuwa mtu wa Kinshasa, muagizaji wa vitenge, mwenye nyumba ya geti huko kaskazini mwa jiji, na alifuata Berea mikono ya Murielle tu. Hakujua Kiswahili, walizungumza Kifaransa. Alitoa kwenye mfuko mali aliyonunua Fordsburg, akasema fasheni ya nywele za kihindi imepitwa na wakati, sasa watu wanataka za kiafrika, asilia, na hizi zilikaa rafu ya juu kabisa.

Murielle aliuona uzi mweusi. Aliyageuza mafungu yote, moja baada ya lingine. Alijisikia kama mtu aliyekuta nguo yake imevaliwa na mpita njia.

"Maman," alisema, "kwenu kuna mtu amepotea?"

"Kwangu? Hapana, mpenzi. Watoto wangu wote wako nyumbani, na mume wangu hatoki hata umsukume. Gari tu. Wameninyang'anya pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, Desemba."

"Naomba tubadilishane. Nitakutafutia zingine, nikushonee bure, hata mwaka mzima."

Maman Hélène alicheka, akampapasa shavu. Alisema hapana, hizi ndizo alizozitaka, na ameshazilipia. Akaketi.

Murielle alichukua kitana. Hata angezipata, kichwa chake kilikuwa na nywele za upana wa kidole, hakuna mahali pa kupitisha sindano. Na mteja alikuwa ameketi. Alimsuka twende kilioni, mistari myembamba ya kurudi nyuma ambayo ndiyo msingi wa kushonea, halafu akashona. Alishona kwa upendo, naye alijua kwamba ni kwa upendo, na hilo lilimuuma kuliko lingine lolote. Hakuvuta uzi kwa nguvu mahali popote.

Chini ya draya, Maman Hélène alifumba macho, akasema kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa sauti ya mama aliyechoka:

"Ee mwenye mikono mine, nywele njo hizi. Elisée arudi kwa mlango yangu, muzima, kama vile alitoka."

"Amina," alisema Murielle, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuitikia.

Alhamisi iliyofuata Maman Hélène alirudi na keki. Alimshika Murielle mkono akamtoa hadi barabarani. Pale kando ya mfereji lilisimama gari lake, jeupe, kubwa, limeoshwa. Alisema amelikuta alfajiri mbele ya geti, funguo ndani, tangi limejaa, halina hata mchubuko. Mume wake ametubu. Mlinzi ametubu. Alitaka Murielle awe wa kwanza kupanda.

Murielle alisema Mungu asifiwe. Akafungua mlango wa nyuma, akachungulia kwenye kiti. Akapiga goti, akaangalia chini ya viti. Akazunguka hadi nyuma ya gari, akasimama pale mkono ukiwa juu ya bati.

"Maman, unifungulie buti."

Maman Hélène alibonyeza funguo. Ndani kulikuwa na tairi la akiba na mwavuli. Murielle aliunyanyua mwavuli, akauweka pembeni, akaangalia chini yake. Kisha akaurudisha ulipokuwa, akafunga buti polepole lisije likapiga kelele, akashukuru kwa keki, akaingia ndani, ambako kulikuwa na mteja mwenye povu kichwani anayesubiri kusuuzwa.