Mtoto Anacheza

Kwanza ulisikika mlio wa mbao, kwaa. Ukafuata wa mtu, puu. Mwisho mkasi ukaanguka sakafuni, ukalialia peke yake, kisha ukanyamaza.

Seremala alikuwa uani akipiga randa ubao wa kitanda cha mtoto. Wateja walimwita Pimamaji, jina la kile kifaa chenye kipovu cha hewa kinachomwonyesha fundi kama kazi yake imelala sawasawa. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Akaitupa randa, akakimbilia ndani.

Mkewe, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa ameketi chini, pazia alilokuwa akilitundika limemfunika begani, mkono mmoja tumboni. Mkono wa pili ulishaanza kuvimba kifundoni. Kando yake ilikuwepo stuli aliyoipanda, sasa miguu juu, haina hata aibu.

"Imeyumba," alisema.

"Mke wangu, stuli yangu haiyumbi. Sakafu ndiyo imepinda."

Ndilo jibu alilompa kila mara tangu stuli hiyo iingie nyumbani. Safari hii alilisikia likitoka, akatamani kulirudisha mdomoni.

"Basi iite hiyo sakafu inipeleke hospitali," mkewe alisema. "Nimejigonga tumbo kwenye kona ya meza."

Binti yao wa kwanza alikuwa kwa jirani akiruka kamba, wakamwacha hukohuko. Jirani mwenyewe akawasha gari.

Pale mapokezi mke alikaa kwenye benchi, ameinama, akihema polepole. Pimamaji akajitokeza mbele kujibu maswali. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake.

"Amefanyaje?" aliuliza mkunga, mama mnene aliyening'iniza miwani kifuani.

"Ameteleza kidogo. Mkono umevimba."

"Damu imetoka?"

"Hakuna."

"Mtoto anacheza?"

Pimamaji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani. Kumbe watu wa hospitali ni waungwana, wanauliza mpaka habari za familia. "Anacheza sana, mama. Tangu asubuhi hajapumzika."

"Afadhali. Kaeni hapo, mkono tutauangalia zamu yenu ikifika."

Alirudi kwenye benchi kifua mbele.

"Mbona tunakaa?" mkewe aliuliza. "Umemwambia nimejigonga tumbo?"

"Hakufika huko. Kaniuliza kama mtoto anacheza, nikamwambia anacheza sana."

"Mtoto yupi?"

"Huyu wetu. Si tumemwacha anaruka kamba?"

Mkewe alifumba macho, akayafumbua. "Baba wewe. Anamuuliza wa tumboni. Na wa tumboni hajacheza tangu nianguke."

Pimamaji aliupita mstari mzima wa wagonjwa bila kuomba radhi. "Mama, anayecheza ni wa nje," alisema. "Wa ndani hachezi. Na amejigonga tumbo."

Mkunga hakucheka. Alivaa miwani, akaita kiti cha magurudumu.

Chumbani alimlaza mama ubavu wa kushoto, akapaka tumbo mafuta baridi, akaanza kukitembeza kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kikakwaruza. Kikahama. Kikakwaruza tena. Pimamaji alilitazama tumbo la mkewe kama anavyotazama kipovu kinachokataa kukaa katikati.

Halafu ikaja: ti-ti-ti-ti, haraka haraka, bila kupumzika.

"Cherehani yangu hiyo," mke alinong'ona. "Inashona upindo mrefu."

"Moyo upo," mkunga alisema, "lakini sijaridhika. Tumbo likigongwa, kondo la nyuma linaweza kubanduka ndani, na ndilo linalomlisha mtoto na kumpa hewa. Damu inaweza kujificha, mama ukamwona mzima. Kwa hiyo mama anabaki hapa, nami namsikiliza mtoto. Na wewe baba, nikikuuliza swali, mwache mwenye tumbo ajibu."

"Sawa, mama."

Wakasubiri. Mkono ukapigwa picha, ukafungwa bendeji; mfupa ulikuwa salama. Tumbo likakaza, likaachia, likakaza tena. Mkunga akija anabonyeza, anasikiliza, anaondoka na uso usiosomeka. Pimamaji hakusema neno, mpaka mkewe akaingiwa na wasiwasi juu yake pia.

"Nieleze tena habari za sakafu," alimchokoza.

Mumewe alikuwa ameushika ukingo wa kitanda cha chuma, akikitikisa taratibu kuona kama kinayumba. Hakikuyumba.

Jioni, tumbo lilipoacha kukaza, mkunga aliweka tena kifaa chake. Kabla hakijatoa sauti kikaruka mkononi mwake, kimepigwa teke kutoka ndani.

Alimgeukia mama peke yake. "Mtoto anacheza?"

"Anacheza," mke alisema, machozi yakimwingia masikioni kwa jinsi alivyolala. "Anacheza kwa hasira."

"Hasira za babake. Kesho nikiridhika mtakwenda nyumbani." Mlangoni akasimama. "Na wa nje?"

"Naye anacheza, mama," Pimamaji alisema kwa adabu.

Walipobaki wawili, alipiga magoti, akasogeza mdomo karibu na tumbo.

"Mwanangu, stuli ilikuwa inayumba. Sakafu haina kosa. Kitanda chako nakuahidi hivi: kabla hujakilalia, mama yako atakitikisa kwanza, na akisema kinayumba, kinayumba."