Mwongozaji wa Njia Nyeusi

Jumamosi, saa moja kasoro robo asubuhi, Mutoni alimfunga Alida mgongoni, akajaza chai ya maziwa kwenye chupa, akamuaga mama mkwe wake kwamba anakwenda Kicukiro kumwona baba wa mtoto kazini. Mama mkwe, Béatha, mabukwe kama Mutoni alivyomwita, alikuwa ameketi mkekani nje ya chumba chao cha Kabeza, akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Haya, nenda kamwangalie anavyocheza," alisema.

Niyongabo, mume wa Mutoni, alikuwa amekufa miezi kumi na minne kabla ya hapo.

Alikuwa amekuja Kigali kutoka Burundi na mama yake na baiskeli ya mizigo. Kwa miaka sita alibeba ndizi kutoka mabondeni hadi sokoni Kicukiro, na kwa kuwa barabara ya lami ilikuwa ya malori na polisi, alijitafutia vijia vyake: nyuma ya mashamba ya viazi vitamu, katikati ya mikaratusi, kandokando ya makorongo. Kampuni moja ilipofungua ofisi kule juu, iwapeleke wageni na wenye nyumba kubwa za Nyarutarama kuendesha baiskeli milimani, ilimuuliza anajua njia ngapi. Aliwaonyesha zote. Wakazichora ubaoni, wakazipa rangi: kijani ya wanaojifunza, nyekundu ya wenye miguu, nyeusi ya wasioipenda sana mifupa yao.

Kisha ikaja Jumapili moja ya masika. Alfajiri simu iliita. Mutoni, mwenye mimba ya miezi minane, alimsikia Bruce, meneja, akisema, "Kaka, hebu cheki Nyeusi kama iko sawa. Wageni wanafika saa mbili." Niyongabo alivaa kofia yake ngumu, akasema atarudi kabla ya misa. Kwenye kona ya tatu mvua ilikuwa imekula udongo kwa chini, juu pakabaki kama utando wa maziwa. Mchana wakulima wa bondeni walimtoa korongoni. Baiskeli hawakuiona.

Katika karatasi ya kampuni kulikuwa na mahali pa kueleza marehemu alikuwa akifanya nini. Paliandikwa: matembezi binafsi.

Béatha hakujua kusoma. Jirani ndiye aliyemfafanulia kwamba maana yake mwanawe alitoka tu kutembea, yaani kucheza. Béatha alikuwa amebeba matofali kichwani miaka ishirini kumlea huyo mtoto. Aliacha kulia siku hiyohiyo. Mwanamume anayemwacha mke mjamzito alfajiri kwenda kucheza hakuwa mwanamume aliyemzaa yeye. Tangu hapo hakulitaja tena jina lake, na Alida alipozaliwa alimwita "mtoto wako".

Jumamosi ya tatu baada ya mazishi Niyongabo alirudi kazini. Alifika saa moja kamili kama kawaida, amelowa tope upande wa kushoto, akajaza upepo kwenye matairi. Bruce alimpa baiskeli namba kumi na mbili, kwa sababu namba tisa, aliyoanguka nayo, ilikuwa haijapatikana. Wageni walimpenda. Waliandika kwenye simu zao kwamba mwongozaji ni mtulivu, anaijua njia, na hanywi hata maji. Saa tano alikuwa akiwarudisha wote salama, anarudisha baiskeli, anasaini daftarini, kisha anateremka kwa miguu kwenye Njia Nyeusi peke yake. Hakuonekana tena mpaka Jumamosi inayofuata.

Nyumbani hakufika. Mutoni alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba bado yuko njiani.

Basi Mutoni ndiye aliyekuwa akienda. Asubuhi hiyo alimkuta akikaza breki za baiskeli ya mgeni mmoja mrefu. Alimkalisha Alida kwenye nyasi karibu naye. Mtoto alilishika vazi la baba yake, mkono ukajaa tope.

"Ameota meno mawili," alisema Mutoni.

"Naona. Anauma?"

"Anauma kila mtu isipokuwa bibi yake. Bibi hampi nafasi."

Niyongabo aligeuza gurudumu likazunguka, akalisikiliza. "Mama bado amekasirika?"

"Bado."

"Basi mwache. Mama yangu akikasirika hata mvua inamsubiri amalize."

Alitia mguu kwenye pedali, akawaongoza wageni sita kuteremka.

Mutoni alibaki ofisini. Daftari lilikuwa limefunguliwa juu ya meza, na Bruce alikuwa nje akiongea kwa simu. Zamani Mutoni angelitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Lakini mwaka huo alikuwa akisoma masomo ya jioni pale shuleni Kabeza, Jumatatu hadi Alhamisi, Alida akilala chini ya dawati, na mwalimu alikuwa amewaambia wasome kila kitu, hata karatasi ya sabuni. Akasoma. Jina la Niyongabo lilikuwa katika kila Jumamosi tangu arudi, limesainiwa vizuri, na doa la tope pembeni. Alirudi nyuma kurasa nyingi hadi Jumapili ile. Mstari ulikuwa na namba tisa, na mbele yake peupe. Juu kabisa ya ukurasa kulikuwa na sheria, kwa herufi kubwa: MWONGOZAJI ANASAINI AKIRUDISHA BAISKELI.

Aliisoma mara tatu.

Bruce alipoingia hakumfukuza. Alikuwa amekulia Uganda, mtu wa adabu, na alimvutia kiti.

"Kwa hiyo ambaye hajarudi hakufanya kazi," alisema Mutoni.

"Madamu, si mimi, ni sistemu. Zamani baiskeli zilikuwa zinapotea. Tukasema, aliyerudisha ndiye aliyefanya kazi."

"Lakini wewe ulimpigia simu. Nilikusikia."

"Nilimpigia, sikatai. Simu si kazi, madamu. Kazi ni saini." Alisema bila ubaya, kama mtu anayemweleza mwenzake basi linasimama wapi. "Pole sana. Kweli kabisa."

Saa tano Niyongabo alirudi na wageni wake sita, akasaini. Alipoanza kuteremka peke yake, Mutoni alimfunga Alida akamfuata.

"Mstari wa Jumapili ile," alimwambia, "kwa nini husaini?"

"Nitasainije? Sijairudisha."

"Iko wapi?"

"Iko palepale."

Walishuka, Niyongabo mbele. Alimwonyesha mahali pa kukanyaga. Kwenye kona ya tatu kampuni ilikuwa imejenga ukingo mzuri wa mawe. Niyongabo alisimama, akaelekeza kwa kidevu. Chini korongoni mkaratusi mmoja ulikuwa umeipitisha baiskeli namba tisa kwenye tawi, na kwa kuwa mikaratusi haina subira, ulikuwa umekwenda nayo juu, kimo cha watu wawili. Usukani ulikuwa umemezwa nusu na gome. Ndege walikuwa wameweka kiota kwenye kiti.

Mwanamke mmoja alikuwa akilima viazi upande wa pili. Jina lake lilikuwa Winifred. Alimsalimu Mutoni, akamsalimu na Niyongabo kwa jina, maana alikuwa mmoja wa waliomtoa.

"Hiyo tumeizoea," alisema Winifred. "Usiku wa upepo inapiga kengele. Mnaichukua?"

"Tunaichukua."

"Afadhali. Shika panga. Kiota mniwekee hapo kwenye mti mdogo."

Winifred alimshika mtoto, Mutoni akapanda. Ilichukua muda. Gome lilikuwa halitaki kuachia, na alipolikata lilitoa maji mengi kuliko mti unavyotoa. Niyongabo alisimama chini amenyanyua mikono, akaipokea. Aliusafisha mnyororo kwa shati lake. Kisha wakaanza kupanda mlima, Mutoni akishika usukani, Alida mgongoni, na mume wake akisukuma kwa nyuma. Mutoni aliona baiskeli nyepesi mno. Njia nzima hakugeuka, kwa sababu alikuwa akisikia pumzi ya mtu anayesukuma, na alitaka kuendelea kuisikia.

Walifika ofisini saa kumi na dakika ishirini. Bruce alisoma namba kwenye fremu, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kaka, umeileta kweli."

Alifungua ukurasa wa Jumapili ile, akampa Niyongabo kalamu. Niyongabo alisaini polepole, akajifuta mkono kwenye suruali, akapiga hatua moja nyuma kama alivyofundishwa. Mutoni aliinama kusoma. Sasa mstari ulikuwa umejaa. Namba, jina, saini.

Kilibaki kisanduku kimoja, cha maelezo. Bruce aliangalia saa yake, akaangalia tarehe ya ukurasa, akahesabu kwa vidole. Akaandika: Amechelewa kurudisha. Kisha alitoa kwenye droo barua ya onyo, akajaza jina, akapiga muhuri. Niyongabo aliipokea kwa mikono miwili.

"Na ile karatasi nyingine?" aliuliza Mutoni. "Ile ya matembezi binafsi. Sasa mtaibadilisha?"

"Ile ilishakwenda, madamu. Faili limefungwa. Kufunga ni sisi, kufungua si sisi."

"Ni nani?"

Bruce alifikiri kwa moyo wote. "Sijui," alisema. "Kweli, sijawahi kuona limefunguliwa."

Niyongabo alikunja barua ya onyo, akampa mkewe aitunze isilowe. Akauliza Jumamosi ijayo wageni ni wangapi. Bruce akasema wanane. Niyongabo akateremka.

Mutoni alifika Kabeza jua likizama. Béatha alikuwa amekwisha injika maharagwe. Mutoni alimweleza yote, mkaratusi, panga, mlima, saini. Béatha alikoroga chungu.

"Wameandikaje?"

Mutoni aliishika barua mkononi. Mbele yake alikuwa mtu asiyejua hata herufi moja. Angeweza kusema: wameandika alikuwa kazini. Maneno matatu tu, na yalikuwa kweli kuliko yote yaliyokuwa kwenye lile daftari. Hakuna ambaye angemkamata. Lakini alikuwa amejifunza kusoma jioni kwa jioni, na mtoto chini ya dawati, asidanganywe tena na karatasi, na hakuona ataanzaje yeye kudanganya kwa karatasi hizohizo.

"Wameandika amechelewa, mabukwe. Wamempa onyo."

Béatha aliacha mwiko.

"Soma tena."

"'Niyongabo amechelewa kurudisha baiskeli namba tisa. Anaonywa asirudie.'"

Chungu kilichemka mpaka povu likamwagikia moto, ukalia, hakuna aliyekiepua.

"Amechelewa," alisema Béatha. "Miaka ishirini nimebeba matofali ya watu. Nimeitwa mzembe, nimeitwa mwizi, nimechelewa nikakatwa malipo ya siku nzima. Nikienda kwa dada yangu kupiga soga, hakuna aliyewahi kuniambia nimechelewa." Alipangusa mikono kwenye kitenge chake, kidole kimoja kimoja. "Anayecheza hachelewi."

Kisha akainyoosha ile mikono.

"Nipe mwana wa Niyongabo. Amelala vibaya hapo mgongoni."

Jumanne Mutoni alipeleka hoja hiyo ofisini, imeandikwa kwa mkono wake kwenye karatasi ya daftari la shule, na mwalimu alikuwa amesahihisha nukta tu. Bruce aliisoma mpaka mwisho. Akasema ni hoja nzuri, hajawahi kuiona nzuri hivyo, na akaiweka ndani ya faili lililofungwa, kwa juu.

Jumamosi wote watatu walipanda basi la Kicukiro. Béatha alivaa kitenge cha kanisani. Mwanawe alikuwa amechutama akijaza upepo. Alisimama alipomwona, akashusha macho.

"Umekonda," alisema Béatha.

"Ni kazi, mama."

"Ndiyo. Naona."

Alichukua pindo la kitenge akampangusa tope shavuni upande wa kushoto. Lilitoka, likarudi. Akampangusa tena, tope likarudi, akaendelea kupangusa mpaka gari la wageni lilipoingia getini. Walikuwa wanane, na kofia ngumu zinang'aa. Niyongabo aliwaeleza kwa upole jinsi ya kukaa nyuma ya kiti kwenye mteremko na kutoibana breki ya mbele. Kisha aliongoza, wakashuka mmoja mmoja nyuma yake hadi mikaratusi ikawafunika.

Kwa kuwa jua lilikuwa linaanza kuchoma, Bruce aliwaletea wanawake benchi kivulini. Béatha alimpakata Alida. Mtoto alimuuma kidole, naye akamwacha aume.

"Anarudi saa ngapi?"

"Saa tano," alisema Mutoni.

"Halafu?"

"Halafu anasaini."

Béatha alivua viatu vyake vya kanisani, akavipanga chini ya benchi, wakakaa kumsubiri.