Benchi la Wateja

Fundi alitoka uvunguni mwa gari akiwa na grisi hadi kwenye nyusi, akaitupa spana ndani ya boksi, akalitukana lile gari kimoyomoyo. Angelitukana kwa sauti, ila gari lenyewe lilikuwa la mkewe, na maneno ya gereji huwa na miguu.

"Limekubali?" aliuliza mchomeleaji wa jirani, miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso.

"Litakubali."

"Maana jana nimekuona unapita nalo. Nikadhani unasalimia watu wa pande zote mbili za barabara."

Fundi hakucheka. Kila alichojua kukigusa alikuwa amekigusa. Alibadilisha tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu, kulia na kushoto. Alibadilisha bushi, zile raba za kwenye maungio. Alikaza boksi la usukani, likawa gumu na gari bado likayumba, akalilegeza tena. Matairi aliyapunguza upepo, akayaongeza, akayapunguza. Na kila alipoingia barabara kuu na kukanyaga mafuta, gari lilianza mambo yake: linakwenda kushoto kidogo, ukilirudisha linapitiliza kulia, ukilifuata huko nalo limeshaghairi. Alikuwa amefika pale ambapo mtu mzima anatamani kukaa chini alie, ila anaona haya.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba gari hilo alilinyanyua mwenyewe. Mkewe alikuwa daktari wa mifugo, na kazi yake ilikuwa milimani, kwenye njia ambazo hata mbuzi anazipita kwa kufikiri. Siku moja alirudi nyumbani akasema, "Gari linagonga chini." Fundi hakusubiri sentensi ya pili. Aliweka springi ndefu, akalivalisha matairi makubwa ya meno yanayounguruma barabarani, gari likasimama juu juu kama limevimba kwa hasira, akamkabidhi mkewe funguo. Ilikuwa zawadi ya mume asiye na maneno matamu lakini mwenye mikono.

Tangu hapo mkewe akawa anarudi kazini mabega yamekakamaa. "Linatangatanga," alisema. Fundi akamwambia ashike usukani vizuri. "Linatangatanga," alisema tena baada ya muda. Akamwambia matairi ya meno ndivyo yalivyo, atazoea. Kisha siku moja gari likamponyoka kwenye daraja jembamba, lori linakuja mbele. Kesho yake, akimimina chai, mkewe alitoa habari. Ofisini kulikuwa na nafasi ya mezani, mjini, kukagua makaratasi ya chanjo. Walitaka jibu Jumatatu. Kama gari halijanyooka, angewaambia ndiyo.

Fundi alijua maana ya ndiyo hiyo. Mwanamke huyu akikaa siku mbili bila kunusa ng'ombe anaanza kugombana na ukuta. Kumfungia mezani ni kumzika angali anapumua, na jembe la kaburi lilikuwa mkononi mwa mumewe.

Na leo ilikuwa Jumamosi.

Mkewe aliingia gerejini asubuhi hiyo kwa miguu, mkoba begani. Hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la wateja, lile lililokuwa kiti cha nyuma cha teksi iliyokufa zamani, akaketi karibu na mzee mwenye pikapu.

Fundi alikuwa anamsikiliza yule mzee. Hapa ndipo sifa yake ilipotoka: kwake spana hainyanyuliwi mpaka mwenye gari amalize maneno yote tumboni. "Linafanya likiwa la baridi, au likishapata moto? Ukipanda mlima au ukishuka? Linalia au linanung'unika?" Aliuliza kwa upole, kichwa amekiinamisha upande, kwa sababu, kama alivyopenda kusema, gari halina mdomo, mwenyewe ndiye mdomo wake. Mzee alijieleza mpaka akaridhika.

"Anayefuata," Fundi aliita.

Mkewe akasimama. "Mimi."

"Acha utani, mke wangu. Nina kazi."

"Kazi yenyewe ndiyo hii. Mimi ni mteja. Niulize kama ulivyomuuliza yule."

Mchomeleaji alizima mashine yake ili asikie vizuri.

Hasira zilimpanda Fundi. Ataulizaje habari za gari alilolifungua lote kwa mikono yake? Lakini aliikumbuka Jumatatu. Akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Haya. Linafanyaje?"

"Linatangatanga."

"Hilo umeshasema."

"Nimeshasema, na hujawahi kuniuliza la pili."

Fundi alikiinamisha kichwa upande. "Wakati gani?"

"Kwenye lami, nikikimbia. Kwenye mawe halina neno."

"Na ukikata kona?"

"Kukata linakata. Kurudi ndiyo tabu. Zamani nikitoka kwenye kona nilikuwa nauachia usukani, unarudi wenyewe. Siku hizi nikiuachia unabaki hapo hapo, mpaka niuvute."

Fundi aliiangalia mikono yake. Yeye usukani alikuwa hauachii. Aliukata na kuurudisha kwa mikono yake ya chuma, akidhani umerudi wenyewe.

Baiskeli ya mchomeleaji ilikuwa imeegemezwa ukutani. Fundi aliitazama. Vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele havikusimama wima, vililala kidogo, na ndiyo maana mtu akiachia mikono baiskeli inajinyoosha. Gari nalo lina mlalo wake huko mbele. Yeye alilisukuma bodi juu kwa springi ndefu, lakini mikono inayoshika ekseli ilibaki na urefu ule ule, ikaizungusha ekseli mpaka mlalo ukapotea. Hakukuwa na kifaa kibovu. Siku zote hizo alikuwa anasaka mgonjwa kati ya wazima, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ule urefu.

Akawaeleza hivyo, maneno yakitoka moja moja.

"Mganga hajigangi," mchomeleaji alisema, akilitazama paa. "Pole, shemeji."

"Dawa ipo?" mkewe aliuliza.

"Kuna bushi maalumu za kurudisha mlalo. Mpaka ziagizwe. Jumatatu zitakuwa hazijafika."

"Au?"

Fundi alilitazama gari lilivyosimama, refu, la kutisha, zawadi yake. "Au nilishushe."

Alilishusha. Mchana kutwa alihangaika na springi za zamani na matairi ya zamani, bila kuongea na mtu, na nati zilizokataa alizikemea kwa majina yasiyoandikika. Jua lilipopoa, mkewe akashika usukani, yeye akakaa pembeni, mguu wake ukitafuta breki isiyokuwepo.

Gari likanyooka. Kwenye kona ya tangi la maji mkewe aliachia mikono, usukani ukarudi wenyewe, taratibu, ukatulia katikati. Akacheka. Fundi hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka ndani ya gari hilo.

Walipofika njia panda alifunga breki. Chini kukasikika: ngo.

Kwa kuwa matairi ya meno hayakuwepo, Fundi alisikia vizuri. Alifungua mdomo aseme, unaona sasa, limeshuka, linagonga tena. Lakini lami ilikuwa safi, hakuna hata kokoto. Akaufunga mdomo. Ulimshinda kidogo, ila aliufunga.

"Hilo linalogonga," alisema mwishowe, "linagonga wakati gani?"

"Nikifunga breki."

"Kwenye mawe?"

"Popote. Hata mlangoni kwetu."

Alishuka akalala barabarani. Bati linalokinga injini lilikuwa linaning'inia, bolti moja haipo. Alilisukuma kwa kidole. Ngo. Akabaki amelala hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na lilipokuwa juu," aliuliza kutoka uvunguni, "lilikuwa linagonga?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia?"

Aliona viatu vya mkewe vikisogea karibu.

"Nilikuambia mara moja, ukanyanyua gari zima. Nikaogopa, nikisema tena, utalifanya nini."

Fundi alitoa bolti kwenye mfuko wa ovaroli, akaipachika kwa vidole. Alitaka kuomba radhi. Kilichotoka kilikuwa swali.

"Na Jumatatu?" aliuliza, kisha akanyamaza kabisa, kama anavyowanyamazia wateja.

"Jumatatu nina ng'ombe wa kuzalisha kule juu," mkewe alisema. "Kaza vizuri."