Chrispin Alishazikwa

Chrispin alirudi nyumbani Jumapili mchana, watu wakiwa wanakula, miezi kadhaa baada ya mazishi yake.

Alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Buhemba. Duara, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka, wachimbaji wakaleta kwao Butiama maiti iliyoharibika uso, imevaa koti lake. Baba yake, Mzee Felisiani, akazika. Kaburi likasakafiwa, likawekwa msalaba wenye jina. Sasa marehemu alikuwa amesimama mlangoni na jogoo mkononi.

"Koti nilimwazima Mugeta wa Bunda," alieleza. "Mimi nilikuwa Mugango, navua dagaa."

Petronila, mdogo wake, aliinuka peke yake, akamkumbatia pamoja na jogoo. Mzee Felisiani alimaliza kwanza kutafuna.

"Chrispin tulishamzika," alisema.

"Baba, si huyu hapa?"

"Nilisimama mbele ya parokia nzima nikamlilia. Nikamsamehe yote, mpaka wale ng'ombe aliowauza bila kuniambia. Leo niwaambie watu nini? Kwamba nilikuwa natania?"

Mama yao, Esta, alimtazama mwanawe mpaka machozi yakamlenga. "Jamani, amefanana naye," alisema, akaenda jikoni.

Chumba chake kilishachukuliwa na kaka yao Bonifasi, hivyo Chrispin akalala kwenye banda la mahindi. Petronila ndiye aliyempelekea ugali. Chrispin mwenyewe hakuleta ugomvi. Asubuhi aling'oa majani kuzunguka kaburi lake, na wageni waliochelewa kuja kutoa pole aliwatolea viti, nao wakamshukuru bila kumtazama usoni.

Petronila hakuweza kunyamaza. Alisema kisimani, akasema mnadani, akasema mlangoni mwa kanisa: kaka yangu mzima, na pale kwetu amelala mwana wa mtu. Katekista akamwomba apumzike kwaya. Mashoga zake wakaanza kupita njia nyingine. Nyumbani, Bonifasi aliacha kumjibu, na jioni moja akawaambia wenzake mezani, Petronila akiwa amemshikia bakuli la mboga:

"Petronila alikuwaga na akili sana."

"Alikuwaga," mama akaitikia, akachota mboga.

Kilichomvunja moyo ni Chrispin. Aliamka siku moja, akafunga mfuko wake.

"Mdogo wangu, narudi Mugango. Kule wananiitaga Gody. Nimezoea."

"Unaniacha na nani?"

"Si una baba na mama?" alisema, akashika njia.

Hapo Petronila akapanda gari kwenda Bunda, kumtafuta mama yake Mugeta. Alimkuta bibi mmoja aitwaye Rhobi, anaanika udaga wa muhogo, na pembeni ameweka sahani ya chakula iliyofunikwa.

"Ya Mugeta," Rhobi alisema. "Hajasemaga siku ya kurudi."

Petronila alikaa chini, akamweleza yote. Bibi aliendelea kugeuza udaga.

"Walimlilia vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Baba alianguka chini mara mbili."

"Basi nipeleke."

Rhobi alipofika alipiga magoti kaburini, akalia kwa jina la mwanawe. Mzee Felisiani alimpokea kwa heshima zote, akamtolea kiti cha mbao na soda.

"Asante sana, mama, kwa kuja kumlilia Chrispin wetu," alisema.

"Ni Mugeta wangu."

"Uchungu unachanganyaga majina," Mzee alimjibu kwa upole, naye alikuwa analia kweli.

Petronila alimtazama baba, akamtazama mama. Kisha akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye khanga. "Nakwenda kukaa na mama huyu," alisema. Hakuna aliyemzuia, wala aliyemuaga. Esta alisogeza tu miguu apite.

Hawajafika barabarani, wakasikia yowe nyuma yao. Majirani walianza kukimbilia kwa Mzee Felisiani, wanaume wakibeba turubai, na kila mmoja akimpita Petronila alimwambia pole ya msiba. Sauti ya mama yake ilipanda juu ya nyingine zote. Alikuwa anamlilia Petronila: mkono wake wa upole, sauti yake kanisani, jinsi alivyomuuguza mama yake mwaka ule wa homa, na kwamba hakuna mtoto aliyempenda kama huyo.

Petronila hakuwahi kuambiwa hata moja kati ya hayo.

"Twende, mwanangu," Rhobi alisema. "Gari inakuja."

"Subiri kidogo, mama," Petronila alisema. Akaweka mzigo chini, akasikiliza mpaka mwisho.