Ntheo ya Miaka Ishirini na Sita

Beberu alikuwa amefungwa kwa mipira ya tyubu kwenye keria ya baiskeli ya mume wangu, miguu ndani ya gunia, kichwa nje, ananitazama mimi niliyekuwa nyuma kana kwamba ni mimi niliyemweka pale. Saa kumi na mbili asubuhi, hata tone la chai sijaonja, na Mwau anapiga mluzi. Nilitamani kumsukuma mtoni yeye na mbuzi wake.

Wacha nieleze. Siku hiyo, saa nane mchana, wageni kutoka Murang'a walikuwa wanakuja kwetu Kathonzweni kumtolea binti yetu Yvonne ntheo. Ntheo ni wale mbuzi watatu wa kwanza, na kwetu Ukambani bila hao hakuna ndoa, hata mkae pamoja mpaka meno yaishe. Ngure, kijana wa watu, ni Mkikuyu, lakini alikubali kufuata desturi yetu na wazee wake wakakubali. Hema limesimamishwa, wanawake wa kanisa wanachambua mchele. Basi Ijumaa jioni kakangu Kivuva akapiga simu kutoka Kanyangi, ng'ambo ya mto Athi. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mtu hawezi kupokea mbuzi wa binti kabla hajawatoa wa mama yake, na wa Kasiva hawajafika mpaka leo. Kasiva ndiye mimi. Akaongeza kwamba majike wawili anaweza kutafutiwa kwa jirani huko huko Kanyangi, lakini beberu atoke zizini kwa Mwau mwenyewe, aletwe na mkono wake.

Mwau alikaa kitako. Eti alidhani mambo hayo yalimalizwa na kanisa.

Na kusema kweli, hata mimi nilijilazimisha kudhani hivyo. Nilienda kwa Mwau na begi moja, Yvonne akiwa tayari tumboni. Mwaka wa nne pasta akakusanya wote tuliokuwa tunaishi hivyo, mabwana tisa na mabibi tisa, akatufungisha ndoa siku moja. Alisema mila ni za zamani, tumeokoka. Akauliza swali mara moja, sote tukajibu "Ndiyo" kwa pamoja kama watoto wa chekechea, tukagawana keki moja. Mama yangu hakusema kitu siku hiyo, ila kila Krismasi alikuwa akiuliza mbuzi wake wamefika wapi. Mwau alimjibu baada ya mavuno. Mvua ikakosa, akasema mwakani. Mvua ikaja, akasahau. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia ni la mama, maana alikufa bila kuonja hata supu yao. Kwenye mazishi Mwau alikalishwa kwa hema la wageni, si la wakwe, pamoja na kwaya. Alinung'unika njia nzima tukirudi. Mimi niliona aibu.

Sasa, kwa nini baiskeli? Mafuriko ya wiki hiyo yalikuwa yamebeba drifti, ile saruji ya kuvukia mto kwenye barabara kubwa, na gari linazunguka nusu siku. Iliyobaki ni lami nyembamba ya kando ya mto, ile ya baiskeli na waendao kwa miguu, na mwanzoni wamesimika vyuma ili bodaboda zisipite. Mwau ni fundi wa baiskeli. Hakosi za kupanda.

Tulipita nyuma ya soko. Wenye maduka ya nafaka walikuwa wanafungua milango, kinu cha unga kinanguruma, vijana wawili wa mjini wanakimbia na nguo za mazoezi, masikio yamezibwa. Mmoja akapiga beberu picha. Mwau akampungia mkono! Nilikanyaga pedali nikampita, kisha nikamngoja, kisha nikampita tena. Sikuweza kukaa nyuma wala mbele. Nikimwangalia mgongo nakasirika, nisipomwona naogopa ameanguka.

Mji ukaisha ghafla. Lami ikashuka kando ya mchanga mweupe wa mto, maji ya mafuriko yakiwa yameshapita, na upande wa pili ni mashamba ya ndengu na mbaazi, na punda wanaobeba maji wanaodhani ile njia ilijengewa wao. Nilijaribu kufikiria wali na nyama ya wageni. Badala yake nikafikiria kaburi. Kama ningekufa mwaka jana nilipolazwa na nimonia, Kivuva angekuja kunichukua na hakuna ambaye angembishia. Ningezikwa Kanyangi kando ya mama, kama msichana ambaye hajaolewa. Miaka ishirini na sita nafua nguo za mtu, nalima shamba lake, na kwa watu wetu mimi ni mgeni aliyekawia kurudi kwao. Nilisikia uchungu mpaka nikashindwa kubadilisha gia.

Hapo ndipo mpira ukakatika. Beberu akaruka na gunia lake, akaanguka, akajitoa, akatimua mbio kwenye mchanga. Mwau akatupa baiskeli akamfuata. Kulikuwa na wanawake wanachota maji kwenye visima walivyochimba mchangani, nao wakaacha vibuyu wakatazama mzee wa miaka hamsini na tano akimkimbiza mbuzi na viatu vya kanisani. Mmoja wao, mama wa rika langu, ndiye aliyemdaka kwa pembe.

Alimuuliza Mwau mbuzi anaenda wapi. Mwau, akihema, akasema kwa wakwe, ni wa ntheo. Yule mama akamtakia heri, akauliza kama ni kijana wake anayeoa.

"Hapana," Mwau akasema. "Ni mimi. Huyu hapa ndiye ninamtolea."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwau naye akacheka. Mimi sikucheka. Yule aliyemdaka mbuzi aliponiona nimenuna akaja karibu, akaniuliza taratibu, bila mzaha:

"Na wewe umekubali?"

Nilipanda baiskeli nikaenda. Lakini swali hilo lilinifuata daraja lote la Athi na kile kilima cha mwisho, kwa sababu nilijua kitakachofanyika Kanyangi. Kabla mbuzi hawajapokelewa, msichana huitwa mbele ya wazee akaulizwa. Akikataa, mbuzi wanarudi. Nikikataa mimi, Yvonne hana sherehe. Nikikubali tu kwa ajili ya Yvonne, basi ni ile "Ndiyo" ya watu kumi na wanane tena. Na mimi, kusema ukweli wa Mungu, sikujua nitajibu nini.

Kivuva alitupokea vizuri. Majike wawili walikuwa wamefungwa uani, wajomba wawili wameketi kwenye viti vya plastiki. Akasali, akamtazama beberu meno, akaridhika. Ilikuwa saa tatu na nusu. Simu ya Mwau ilikuwa inalia mfukoni bila kukoma. Kivuva akanigeukia.

"Kasiva, hawa mbuzi tuwapokee, ama warudi walikotoka?"

Wajomba wakatazama chini. Nikahesabu kuku uani. Nikaona Mwau anatazama saa, na hasira ikanipanda. Nikajua nikiulizwa tena nitasema warudi.

Nadhani Mwau aliniona. Alitoa ile simu akaizima. Akavua saa mkononi, akamkabidhi Kivuva.

"Kasiva," akasema. Ananiitaga Mama Yvonne. Jina langu sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu ujana. "Nilifanya wewe ni wangu bila kukuuliza. Mama yako aliniuliza kila mwaka, nikamdanganya. Ukikataa, nitampigia Yvonne mimi mwenyewe, nimwambie kosa ni la baba. Usikubali kwa sababu ya wageni."

Nililia. Nililia kwa ajili ya mama, ambaye angetaka kuyasikia hayo, na kwa sababu nilimpenda huyo mtu mjinga na viatu vyake vimejaa mchanga. Walinisubiri.

"Wapokeeni," nikasema. "Mimi ndiye ninasema."

Kivuva akawafungua, akawapeleka kwenye zizi lililokuwa la baba yetu.

Mwau alipowasha simu, ikalia papo hapo. Ni Yvonne, sauti juu: wazee wa Ngure wameshapita Emali, wamewahi, sisi tuko wapi, na je, ajibu nini wakimuuliza mbele ya watu kabla hatujafika? Nikamnyang'anya Mwau simu. Nikamwambia hakuna atakayemuuliza kabla sijaketi, na tunarudi sasa hivi.

"Na nikishaketi wakikuuliza," nikasema, "usijibu haraka. Fikiria. Ukiona ni hapana, sema hapana. Chakula hakitaharibika, tutakula sisi."



"Asante, Mum," akasema. Alikuwa analia.