Beleshi la Mjomba

Mama yangu amezikwa kwenye mteremko ulio nyuma ya kambi, na chini yake, kwa bahati mbaya, kuna madini. Kampuni ilishakula vilima vyote vya upande wa pili wa sayari, ikavisaga na kuvipakia kwenye vyombo vya anga vya kwenda tulikotoka, na bado inalalamika njaa. Ulibaki mteremko wa makaburi.

Makaburi yetu hayana alama. Upepo wa huku hung'oa kila jiwe na kusawazisha kila tuta, na udongo wenyewe, mweusi kama masizi, umejaa chuma hivi kwamba vipimo vya wahandisi havioni kitu ndani yake. Anayelijua kaburi ni aliyezika. Kwa hiyo wachimbaji wa zamani, walipogoma, waliwekeana sharti na Kampuni: kaburi halihamishwi mpaka ndugu wa damu apige beleshi la kwanza juu yake, mara moja tu. Akilipata, mtambo unaingia. Akikosa, mteremko mzima unabaki wa wafu, maana asiyelijua kaburi si ndugu. Wakubwa walicheka wakatia sahihi.

Kicheko kiliwaishia walipotafuta ndugu wa kushika beleshi wasimpate, maana kila mwenye kaburi alikataa, nami nikiwemo. Ndipo wakamkumbuka mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama, kitinda mimba wao. Kambini tunamwita Kola, kwa sababu tangu apewe ofisi huvaa shati la kola na tai ndani ya vazi la hewa, mahali ambapo hakuna anayeviona ila yeye na jasho lake. Mama ndiye aliyemsomesha, kwa kufua vichujio vya hewa zamu juu ya zamu, mpaka mapafu yake yakajaa vumbi lote ambalo mdogo wake hakulivuta. Siku ya mazishi Kola alituma salamu kwamba kifua kinambana, hawezi kutoka nje.

Safari hii kifua kilimruhusu. Alikuja nyumbani na mfuko wa vitunguu vibichi, vya bustani ya wakubwa, akauweka mezani kama mtu anayelaza mtoto. Baba, ambaye mtambo ulimwachia vidole vichache, aliusogeza pembeni apate mahali pa kuweka kikombe. Mjomba akaeleza kwa maneno ya ofisini kwamba mama atahamishiwa mahali penye uzio na taa. Nilimuuliza kama taa hizo huzimwa marehemu akimaliza kusoma.

"Mpwa wangu, usinifanyie mzaha," alisema. "Damu nzito kuliko maji. Nionyesheni tu alipo."

"Si dada yako? Nenda mkaongee, atakuelekeza mwenyewe."

Alimgeukia baba. Akamwita shemeji, akamwita kaka, nusura amwite baba. Baba akamwambia anywe chai inapoa.

Alipoondoka, kilichonitia hofu ni baba. Alikaa akivitazama vile vitunguu, kisha akasema yule ni tumbo moja na mama, na mama asingependa mdogo wake aaibike mbele ya watu. Nikamwambia mama asingependa kusagwa pia. Baba hajawahi kumnyima mtu njia, na nilijua kesho angeweza kunyoosha kidole kimoja tu tukampoteza mama mara ya pili.

Kesho yake kambi nzima ilisimama chini ya mteremko. Mkubwa wa mitambo alikuja na gari, injini ikiunguruma tayari. Kola alipanda na beleshi jipya, tai ikionekana kupitia kioo cha kofia. Katikati ya mteremko alisimama akatutazama. Waosha vichujio, wapishi, wachimbaji, wote walimzika mama na wote walikuwa wanaangalia viatu vyao. Akamtazama baba. Mkono wa baba ulianza kuinuka. Niliushika nikaubana kwapani kwangu, kama mtu anayemsaidia mzee asianguke, na ukatulia.

Basi akaendelea kupanda mpaka kileleni, penye mwamba mkubwa. Nilielewa hesabu yake: mtu wa maana huwekwa juu. Akapiga beleshi. Likalia kwenye jiwe tupu, na mchimbaji mmoja mzee akasema polepole, "Huyo si wetu." Mkubwa wa mitambo alitukana sharti, akatukana waliolitia sahihi, akazima injini.

Mama yuko chini kabisa, karibu na tangi la maji. Aliomba mwenyewe. Ukisimama pale, dirisha la jikoni kwetu linaonekana katikati ya miguu ya tangi, na jioni unaona nani anapika.

Kola alishuka akapita juu ya mama bila kujua. Baba alimsubiri njiani. Sasa jambo lilikuwa limekwisha, kumwonyesha kusingedhuru kitu, na uso wa baba ulikuwa wazi kabisa, ukingoja swali moja. Ningemjibu hata mimi, kwa shingo upande.

Mjomba alisimama mbele yetu, akapangusa kioo, akauliza nani atampa lifti mpaka ofisini.

Baba aliingia ndani akawasha taa ya jikoni. Vitunguu vilioza mezani. Hakuna aliyevigusa.