Koki za Ukutani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi jua likatoka kama lililonawa uso. Matone yalikuwa bado yananing'inia kwenye bati la kiwanda wakati Masizi, fundi wetu wa tanuri, alipowasha moto. Siku hiyo tulitaka kuanza kumimina koki mpya, ya kwanza kubuniwa na mume wangu tangu baba yake atutoke. Lakini kabla ya kumimina, lazima Mama, mama mkwe wangu, aijaribu ile ya mfano.

Desturi hiyo imezaliwa pamoja na kiwanda. Baba mkwe alianzia uani, akiyeyusha makufuli mabovu na kengele zilizopasuka, mpaka akapata koki yake ya kwanza ya shaba. Akaifunga ukutani jikoni, akamwita mkewe aje aione. Mama alikuwa anafua. Akaja na mikono imejaa povu, akazungusha, ikamteleza. Akazungusha tena, wapi.

"Mwenzangu," akamwuliza, "kila nikitaka kunawa niwe nakuita na spana?"

Baba mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaing'oa koki ile, akairudisha motoni. Tangu hapo hakuna koki iliyouzwa kabla Mama hajaifungua kwa mikono yenye sabuni. Zilizofaulu zilibaki pale pale ukutani, zimejipanga kama vifungo vya koti. Nilipoolewa nilidhani nimeolewa kwenye bafu la shule. Hata idara ya maji ilipoanza kuagiza vali kubwa za mabomba ya mtaani, Mama alivuta kiti uani akazungusha gurudumu la vali kama dereva wa lori.

Basi asubuhi hiyo nilikwenda kumwita. Nilimkuta ameibana chupa ya chai katikati ya magoti, anahangaika na kifuniko kwa meno. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo kama tangawizi.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Na ukimwambia mwanangu, mimi na wewe basi." Akafuta mdomo. "Nitaisifu hiyo koki bila kuishika. Halafu nitasema nimechoka, atafute mwingine. Kiwanda hakiwezi kungojea vidole vya kikongwe."

"Utaisifuje bila kuishika?"

"Mbona chai yako naisifu."

Nilicheka, lakini moyo ulikuwa mzito. Ukimwondoa Mama kwenye ukuta ule, umemwondoa kwenye kiwanda alichokilea pamoja na mumewe. Nikamfungulia chupa, nikaomba kimoyomoyo: Ee Mungu, usimnyang'anye mama huyu kazi yake, wala mume wangu furaha yake. Maombi hayo mawili niliyaona kama mafahali wawili katika zizi moja, lakini niliyapeleka yote.

Jikoni mafundi walikuwa wameshajaa. Koki ya mume wangu iling'aa ukutani, kishikio chake kiduara, kidogo, laini, kinapendeza kama hereni. Mama aliitazama, akafungua mdomo aisifu. Kisha akaona beseni la povu mikononi mwangu. Wanawe wote aliwaogesha kwa beseni lile. Akaufunga mdomo, akachovya mikono.

Akazungusha. Ikateleza. Akashika kwa mikono miwili. Hata tone.

"Koki haina neno," akasema taratibu. "Ni mikono. Tafuteni mwenye nguvu."

"Mwenye nguvu nipo," Masizi akadakia. "Ila mimi kunawa ni mpaka sikukuu."

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Aliishika mikono ya mama yake, akakikagua kila kidole kama anavyotafuta ufa kwenye shaba.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniweka juani na blanketi."

"Mama, wenye mikono kama hii mjini ni wangapi?"

"Kila nyumba ina wake."

"Na hao watanawa wapi?"

Akaokota kipande cha mkaa, akachora ukutani, kando ya koki, kishikio kirefu kama bawa. Mama akainama, akakodoa macho.

"Refusha kidogo. Nataka nifungue hata kwa kiwiko."

"Na moto wangu je?" Masizi akanung'unika.

"Mimina vali za idara ya maji," akajibu mume wangu, huku anachora. Alikuwa anapiga mluzi, jambo ambalo nilikuwa sijalisikia tangu msiba wa baba yake. Nikajua mafahali wangu wamepata zizi la kuwatosha.

Alipomaliza akatugeukia. "Nasema mbele yenu nyote. Koki ambayo Mama hajaifungua kwa mikono hii hii, haitoki getini."

"Maneno tumeyasikia," akasema Masizi.

Mama akakausha mikono kwenye khanga yake, akanitazama. "Na wewe je? Ukuta huu siku moja utakuwa wako."

Nikaweka beseni chini, mafundi wote wananitazama. "Naahidi, Mama. Koki sitaisifu kabla sijaishika. Na chai nitajifunza kuipika."